Uzi: Safari ya kwanza ya bustani kubwa ya michezo na mtoto wa miaka 3 hadi 5, ukitokea Dar

#1 MpangaSafari

Heshima kwenu wakuu. Kila likizo ya Desemba ikikaribia swali linarudi lilelile: mtoto ana miaka minne, baba na mama wamejichanga mwaka mzima, wanataka kumpeleka kwenye bustani kubwa ya michezo nje ya nchi, waanzie wapi? Wengi wanaanza na bei ya ndege. Mimi nasema anza na futi ya fundi cherehani.

Bembea kubwa haziulizi umri, zinauliza kimo. Kiti na chuma kinachomshika mtoto vimeundwa kwa mwili wa kipimo fulani. Mfupi zaidi ya hapo anaweza kuchomoka chini ya chuma. Ndiyo maana mlinzi wa foleni hasikilizi kubembelezwa, na yuko sahihi. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka 3 kamili ana wastani wa sm 95 hadi 96, wa miaka 4 karibu sm 103, wa miaka 5 karibu sm 110. Sasa linganisha na Disneyland Paris: Big Thunder Mountain inataka sm 102, Crush's Coaster sm 107, Hyperspace Mountain sm 120, Indiana Jones sm 140. Yaani mtoto wa kawaida wa miaka minne anagusa mstari wa kwanza tu, na karibu nusu ya wenzake hawaufikii.

Namna ya kumpima: miguu peku, visigino na mgongo ukutani, macho mbele, weka kitabu kigumu kichwani kikikaa pembe mraba na ukuta, piga alama kwa penseli. Mpime jioni. Uti wa mgongo hujibana mchana kutwa na mtoto anaweza kupungua karibu sentimita nzima, kwa hiyo kimo cha asubuhi kitakudanganya. Mafundo ya nywele hayahesabiwi. Ukitaka asukwe kwa ajili ya safari, twende kilioni iliyolala. Ukishapata namba, fungua tovuti ya bustani, pitia bembea moja moja, andika zile anazoruhusiwa TU. Hizo ndizo utakazomwonyesha picha zake. Nyingine usizitaje kabisa, maana mtoto wa umri huu ahadi haisahau.

Kwenye mbao utakuta mara nyingi namba mbili. Ndogo ni kimo cha kupanda akiwa na mtu mzima, kubwa ni cha kupanda peke yake. Hapo ndipo familia ya mzazi mmoja na watoto wawili wadogo hukwama: viti ni vya wawiliwawili, kila mtoto anahitaji mtu mzima ubavuni, mwingine abaki na nani? Mkiwa na watoto wawili chini ya miaka sita, watu wazima wawe wawili. Shangazi au mama mdogo akiweza kuja, tiketi yake ina faida kuliko hoteli ya nyota moja zaidi.

Kwa anayetoka Dar naipendekeza Dubai kwa mara ya kwanza, na ndani ya Dubai naipendekeza Legoland, bustani ya matofali ya kuchezea ya Lego. Ndege ya moja kwa moja ni kama saa tano na nusu, Emirates na flydubai zote zinaenda. Saa ya kule imetutangulia saa moja tu, kwa hiyo usingizi wa mtoto hauvurugiki. Legoland ya Dubai ilifunguliwa 2016 na imelengwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 12. Kuna eneo la Duplo la wadogo kabisa, na shule ya udereva ya magari ya umeme ambayo ina sehemu mbili: ya miaka 3 hadi 5 na ya miaka 6 hadi 12. Ile ya wadogo inaangalia umri, futi pumzisha. Miniland, mji mdogo wa matofali ya Lego, iko ndani, chini ya kuba lenye kiyoyozi, na ina Burj Khalifa ya matofali ya Lego yenye urefu wa mita 17. Mtoto asiyefikia kimo hata kimoja bado ana kazi ya kutosha siku nzima.

Muda wa kwenda. Juni hadi Agosti joto linapita nyuzi 40, na ofa za bei nafuu za likizo ya Juni zipo kwa sababu hiyohiyo. Mtoto mdogo hutoa jasho kwa ufanisi mdogo kuliko mtu mzima, na akiwa kwenye kigari yuko karibu na sakafu inayowaka. Mimi simpeleki mtoto wa chekechea Dubai mwezi wa saba kwa bei yoyote. Desemba hadi Machi ni kuzuri. Na hapa Watanzania tuna bahati ambayo wengi hawaitumii: shule zetu zinakuwa zimefungwa mapema Desemba, za kule mara nyingi hufunga baadaye. Tarehe 2 na 3 Desemba ni sikukuu yao ya taifa, kunajaa. Lenga kuanzia tarehe 4 hadi kama 12. Tena, tangu Januari 2022 wikendi yao ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Makala za zamani zinazosema Jumapili ni siku ya kazi zimepitwa na wakati. Ingia bustanini Jumatatu hadi Alhamisi, lakini angalia kwanza kalenda ya bustani kabla ya kulipia ndege, maana saa na siku za kufungua hubadilika, hasa Ramadhani.

#2 mama_kigamboni

Asante sana mkuu, hapo kwenye futi umenifungua macho. Wangu ana miaka minne kasoro miezi miwili, nimempima sasa hivi ni sm 99. Naomba msaada kwenye haya: tunafikiria usiku nne, hoteli Deira, mtaa wa masoko wa Dubai, kwa kuwa kuna bei nzuri na baba yake anataka kuchukua mzigo kidogo. Tuchukue tiketi ya bustani mbili kwa siku moja au moja? Na kigari cha kusukuma kweli kinahitajika kwa mtoto anayetembea vizuri? Huku kwetu watu watashangaa.

#3 TegetaKwetu

Dada, Deira hapana, au tuseme Deira baadaye. Legoland iko ndani ya Dubai Parks and Resorts, upande wa Jebel Ali kwenye njia ya kwenda Abu Dhabi. Kutoka Deira ni zaidi ya km 50. Asubuhi mtakula saa nzima barabarani, jioni mtoto atalala garini saa kumi na moja, ataamka hotelini saa moja akiwa mpya, na kesho yake hamna safari. Gawanyeni: usiku mbili za kwanza karibu na bustani (Lapita na Legoland Hotel zote ziko palepale, mnatembea kwa miguu hadi getini), kisha usiku mbili Deira kwa ajili ya mzigo. Mkiona hoteli za pale ni ghali, pigeni hesabu ya teksi nne za km 50 kwa siku mbili ndipo mlinganishe.

Bei ya hoteli mtandaoni mara nyingi haijaweka ile tozo ya utalii ya dirham 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku, inayolipwa mapokezi. Na hoteli nyingi hushikilia dhamana kwenye kadi. Ukitumia kadi ya kawaida ya benki, si ya mkopo, fedha hiyo inaweza kukaa siku nyingi kabla ya kurudi, kwa hiyo isiwe ndiyo hela ya chakula. Kabla ya kuondoka pitia benki yako wafungue matumizi ya nje na ya mtandaoni, uulize na kikomo cha siku. Hesabu za dirham ni rahisi: imefungwa kwa dola, dola moja ni dirham 3.6725, haipandi wala kushuka.

Tiketi: bustani moja, siku mbili. Ile ya kurukaruka bustani mbili ndani ya siku moja ni ya watu wazima wenye miguu mirefu. Siku ya pili ndiyo mtoto anafurahia kweli, kwa sababu anajua anakokwenda na anakuongoza yeye. Aliye chini ya miaka 3 anaingia bila tiketi, Dubai na Paris pia, ila beba pasipoti yake getini kama ni mrefu.

Kigari: ndiyo, bila mjadala. Siku ya bustani mtu mzima hutembea kilomita nyingi, na mtoto wa kilo 16 akichoka saa nane mchana mbeleko haitakuokoa kwenye jua lile. Kigari pia ni kitanda, ni kivuli na ni kibegi. Chepesi cha kukunja kama mwavuli kinatosha, na mashirika mengi ya ndege yanakipokea mlangoni pa ndege bila malipo. Funga kitambaa cha rangi kali mpini, maana nje ya kila bembea kuna vigari hamsini vinavyofanana.

Kwa sm 99, usimwahidi chochote chenye kikomo cha sm 100 hata kama Desemba atakuwa ameongezeka. Wa umri wake hukua kama sm 7 kwa mwaka, kwa hiyo miezi miwili ni sentimita moja na ushee. Akifika na kupita, itakuwa zawadi.

#4 NesiWaWatoto

Naongezea upande wa mwili, kwa kuwa siku nyingi za bustani huharibika kwa njaa, kiu, mkojo na usingizi.

Ndege inaposhuka masikio huuma kwa sababu mrija wa sikio la mtoto ni mwembamba na haufunguki haraka. Mwamshe kabla haijaanza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, mpe maji kwa mrija anyonye kidogokidogo. Mtoto aliyelala hamezi mate, ndiyo maana huamka akilia. Mwenye mafua makali au aliyemaliza ugonjwa wa sikio juzi, aonwe kliniki kabla.

Ndege za alasiri kutoka Dar hufika kule usiku. Usimwingize bustanini asubuhi yake. Siku ya kwanza ni ya kulala na bwawa la hoteli.

Dawa: Falme za Kiarabu zina sheria kali. Dawa za kikohozi zenye kodini na za maumivu kama tramadoli usibebe bila kibali. Paracetamol ya maji, ORS, mafuta ya kukinga jua na dawa za mtoto za kila siku viwe kwenye boksi zake halisi na cheti cha daktari. Usihamishie kwenye chupa ya soda.

Maji: mpe kila nusu saa, usingoje aombe. Kipimo chako ni mkojo. Akipitisha muda wa saa nne mchana hajaenda chooni, au mkojo una rangi ya chai, mtoe juani. Vyoo vya kule vina bomba la kunawia, hapo mtoto wetu hana shida. Shida ni vyoo vinavyojimwagia maji vyenyewe. Kile kijicho cha umeme cha ukutani kinaona mtoto amesogea, maji yanalipuka chini yake, na baada ya hapo atakataa choo siku nzima na kujikojolea. Funika kijicho kwa kipande cha karatasi mpaka ashuke. Beba suruali mbili za akiba na mfuko wa plastiki wenye zipu.

Chakula, kaeni mezani saa tano na robo. Saa sita na nusu migahawa yote imejaa na mtoto ameshapasuka. Vyakula vya nje kwa kawaida haviruhusiwi isipokuwa vya watoto wadogo na wenye mahitaji maalumu, kwa hiyo asile kidogo kwenye kifungua kinywa kwa matumaini ya vitafunwa.

#5 Mzee wa Viza

Karatasi. Mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe. Ada ya Uhamiaji ni shilingi 150,000, na msingi wake ni cheti cha kuzaliwa cha RITA. Kinachowachelewesha watu wengi ni majina. Cheti cha mtoto kinasema baba ni Mohamed, NIDA ya baba inasema Mohammed, pasipoti inasema Muhammad. Weka karatasi zote mezani leo, soma herufi kwa herufi, rekebisha kabla hujaanza chochote. Pasipoti ibaki na miezi sita kuanzia siku ya kusafiri.

Akisafiri na mzazi mmoja, beba barua ya ridhaa ya mzazi mwingine iliyosainiwa mbele ya wakili, na nakala ya kitambulisho chake. Shangazi akisafiri naye peke yake, wazazi wote wawili wasaini.

Tiketi ya ndege: chini ya miaka 2 anapakatwa kwa sehemu ndogo ya nauli, akitimiza 2 anakata kiti. Akitimiza wakiwa safarini, kurudi analipia kiti, hilo huwashtua wengi.

Wanaotaka Paris: viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, mtoto wa chini ya miaka 6 halipi, wa chini ya 12 hachukuliwi alama za vidole. Bima isipungue euro 30,000 ya matibabu. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Kutoka uwanja wa Charles de Gaulle kuna treni ya kasi inayofika kituo cha Marne-la-Vallée Chessy, mlangoni pa Disneyland, kwa dakika kama kumi. Msiingie Paris mjini na mizigo. Zisizo na kikomo cha kimo pale ni nyingi na nzuri: Dumbo, Peter Pan, vikombe vya chai, Casey Jr., it's a small world, farasi wa kuzunguka. Lakini Desemba ni baridi ya nyuzi saba au chini, mtoto wa Dar hajui kuvaa glavu na atazivua. Wa Paris aende Mei au Juni.

#6 Chekechea

Kabla ya yote hayo fanyeni mazoezi hapahapa. Mpelekeni Kunduchi Wet'n'Wild siku ya kazi, barabara ya Bagamoyo kabla ya Tegeta. Msimpeleke ili acheze tu, mwangalieni. Anasimama foleni dakika ngapi kabla hajalala chini? Anakubali kuvalishwa kitu mkononi? Maji yakimpiga usoni anacheka au anaganda? Kelele za watoto wakubwa zinamfanyaje? Avae nguo ya kuogelea ya nailoni yenye mikono, si fulana ya pamba, maana pamba hunywa maji, inakuwa nzito na inamvuta. Mtu mzima awe ndani ya maji, umbali wa mkono mmoja. Mwokoaji akiwepo ni vizuri, ila yeye anaangalia watu wengi.

Zoezi la pili ni Sabasaba mwezi wa saba. Pale kuna umati, vumbi, spika na mabembea. Mtoto anayestahimili saa tatu za Sabasaba atastahimili bustani yoyote. Anayeziba masikio mnunulieni vikinga sauti vya kuvaa kichwani, na sinema za viti vinavyotikisika ziacheni kwanza. Kwa mtoto wa miaka mitatu giza lenye sauti kubwa linatisha kuliko kasi.

#7 Bandari ya Salama

Sipingi uzi, ila nauliza kwa dhati. Mtoto wa miaka minne atakumbuka nini? Si bora kungoja afike miaka saba, kimo kiwe sm 120, apande kila kitu, hela itumike mara moja?

#8 MpangaSafari

Swali la haki mkuu. Kama hela ni ya safari moja tu katika miaka kumi, ngojeni. Sm 120 wengi huifikia karibu na miaka saba, na hapo milango karibu yote iko wazi. Lakini yapo mambo ambayo miaka saba haiyarudishi. Wa miaka minne anampungia mkono mhusika aliyevaa vazi la Lego akiamini ni yeye kweli. Shule ya udereva ya wadogo itakuwa imemfungia mlango akiwa na sita. Na ni safari fupi, usiku nne. Kitu ambacho sikubaliani nacho ni kukopa kwa ajili ya hili. Asiye na akiba aende Kunduchi mara tatu, mtoto hatadai tofauti.

Mama_kigamboni, ratiba ya siku hii hapa. Fikeni getini dakika ishirini kabla ya kufungua, kwa kawaida saa nne asubuhi. Tiketi itaandika 10:00, usichanganye saa zetu na zao, hasa kwenye muda wa maonyesho. Saa ya kwanza ndiyo yenye foleni fupi, kwa hiyo nendeni moja kwa moja shule ya udereva ya wadogo. Magari ni machache na kila kundi linaendesha kwa zamu, ikifika mchana foleni haisogei. Kisha eneo la Duplo. Saa tano na robo mezani. Saa sita hadi nane, jua likiwa kali, Miniland ndani ya kuba. Saa nane alale kwenye kigari kivulini, hata dakika arobaini. Akiamka, nyambizi ya kutazama samaki na boti. Saa kumi tokeni, hata kama bustani iko wazi hadi saa kumi na mbili. Kilio kingi cha bustani hutokea saa mbili hizo za mwisho.

Mzazi anayetaka rolakosta: ulizeni mlangoni utaratibu wa kupokezana. Mnaingia foleni pamoja, mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha mnabadilishana bila foleni kuanza upya. Disney wanao, Legoland wanao. Lazima uuombe kabla ya kuingia foleni, ukishafika juu umechelewa.

#9 TegetaKwetu

Jambo la mtoto kupotea halijaguswa. Kila asubuhi mpige picha mzima, kuanzia viatu, ili mkiulizwa alivaaje msibishane. Namba iandikwe kwa kalamu isiyofutika mkononi mwake, ndani ya kiwiko, iwe +255 bila sifuri ya mwanzo, na laini hiyo iwe imefunguliwa kupokea simu za nje. Au nunueni laini ya kule uwanjani. Msitegemee kupigiana WhatsApp: ujumbe unafika lakini simu za WhatsApp zimezuiwa kule. Mfundisheni neno moja: akipotea asimame alipo, asitafute. Na mwonyesheni sare ya wafanyakazi mara tu mkiingia. "Huyu mwenye kadi kifuani ndiye wa kumwambia." Mfanye mazoezi hayo Kariakoo au Mlimani City kabla.

#10 mama_kigamboni

Mungu awabariki. Tumebadilisha: tarehe 5 hadi 9 Desemba, mbili karibu na bustani, mbili Deira. Swali la mwisho kwa Mzee wa Viza: cheti chake ni kile cha kuandikwa kwa mkono alichopewa hospitali. Kinafaa Uhamiaji?

#11 Mzee wa Viza

Usingoje kuambiwa dirishani. Nenda nacho RITA au ofisi ya mkuu wa wilaya yako wiki hii, ukihakikishe kwenye mfumo na uombe cha kuchapwa. Nenda na kadi ya kliniki, NIDA zenu wote wawili na nakala mbilimbili. Picha za pasipoti mpige kabla hajasukwa, masikio yaonekane.